Mwanangu Anasoma Kigiriki cha Kale na Dini: Hotuba kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Wazazi Wao

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wanaoanza shahada ya kwanza ya Masomo ya Kale, yaani lugha na maisha ya Wagiriki na Warumi wa kale, na Masomo ya Dini, pamoja na wazazi na walezi wao. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Wazazi na walezi wetu, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaoanza mwaka wa kwanza: karibuni sana.

Nitaanza na jalala.

Nje ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, nchini Misri, kulikuwa na vilima ambavyo ukivichimba unakuta si vilima. Ni taka. Watu wa mji ule, waliokuwa wakiandika Kigiriki chini ya utawala wa Warumi, walitupa uchafu wao pale karne baada ya karne, na kwa kuwa mvua kule ni adimu, karatasi zao za mafunjo hazikuoza. Majira ya baridi ya 1896 kuingia 1897, Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, ambao hata miaka thelathini walikuwa hawajatimiza, walifika na vibarua wakaanza kuchimba.

Wakatoa nini? Risiti za kodi. Mikataba ya mashamba. Beti za Sappho, mshairi wa kike wa Ugiriki ya kale, ambazo dunia ilikuwa imeshazipoteza. Na ukurasa mmoja uliochakaa wenye maneno ya Yesu, mengine hayamo katika Injili yoyote kati ya zile nne. Ilibidi kusubiri hadi 1945, vilipopatikana vitabu vya kale vya Kikristo huko Nag Hammadi, Misri, ndipo wataalamu wakatambua kwamba ukurasa ule ulitoka katika kile kinachoitwa Injili ya Tomaso.

Ikatoka pia barua ya mtoto aitwaye Theon. Baba yake amesafiri bila yeye, na mtoto amenuna. Umefanya vizuri sana kuniacha, anamwambia kwa kejeli. Usiponichukua Alexandria, sikuandikii barua, sisemi nawe, wala sikutakii afya njema. Anamfikishia hata malalamiko ya mama: mtoto huyu ananivuruga, mwondoeni hapa. Kisha anadai aletewe kinubi. Asipoletewa, hali, wala hanywi. Basi! Tahajia yake ni mbovu kupindukia, na mimi, wenzangu wanisamehe, barua hiyo naipenda kuliko Sappho.

Sasa nawauliza. Jalala lile ni la idara gani? Sappho tumpeleke kwa watu wa fasihi, maneno ya Yesu kwa watu wa dini, risiti kwa wanahistoria, na Theon tumpeleke wapi? Vitu vyote vilitoka shimo moja, kwa sababu vilitupwa na watu walewale. Mtu aliyelipa kodi asubuhi ndiye aliyesali jioni. Ukuta tulioujenga kati ya masomo haya mawili tumeujenga sisi, tena juzi juzi tu. Wao hawakuujua.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Mkisoma Masomo ya Kale bila dini, mtasoma nusu. Mkisoma dini bila lugha na historia ya watu wa kale, mtasoma nusu nyingine.

Hebu tuchukue barua moja tu. Yapata mwaka 112, gavana Mrumi aitwaye Pliny, aliyetawala Ponto na Bithinia, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaizari Trajan. Ana tatizo. Ameletewa watu wanaoitwa Wakristo, na hajawahi kuhudhuria kesi zao. Je, mtu aadhibiwe kwa jina hilo tu, au kwa uovu alioutenda? Wazee na watoto wapimwe sawa? Aliyetubu asamehewe? Wakati anauliza, tayari anahukumu. Anamuuliza mtu mara tatu kama ni Mkristo, na anayeshikilia anapelekwa kuuawa. Wenye uraia wa Rumi anawatenga wapelekwe Rumi.

Mwanafunzi wa Kilatini atakuja na barua hii akaona sentensi. Ataona afisa makini, mwandishi mzuri, anayejua kumpamba mkubwa wake. Ataona utawala wa dola unavyofanya kazi: gavana haamui jambo geni bila kuuliza juu. Vizuri.

Mwanafunzi wa dini atakuja akaona kitu kingine. Pliny anaeleza Wakristo walivyokiri mambo yao: wanakutana siku maalumu kabla ya alfajiri, wanamwimbia Kristo kama mungu kwa kupokezana, wanaapa kutoiba, kutozini, kutokana amana waliyowekewa. Halafu wanatawanyika, baadaye wanakutana tena kula chakula cha kawaida kisicho na madhara. Huu ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa wa ibada ya Wakristo tulioandikiwa na mtu wa nje. Na mwanafunzi huyo, akikumbuka kwamba Waraka wa Kwanza wa Petro unaanza kwa kuwasalimu walioko Ponto na Bithinia, atakaa wima kwenye kiti chake.

Lakini subirini. Msomeni Pliny mpaka mwisho. Anasema mahekalu yaliyokuwa karibu kuachwa matupu sasa yameanza kujaa tena, na nyama ya wanyama wa sadaka, iliyokuwa haipati wanunuzi, sasa inauzwa kila mahali. Nyama! Gavana wa Rumi anaandika kuhusu imani, na ushahidi anaoleta ni soko la nyama. Ukiwa mtu wa fasihi tu, mstari huo utaupita. Ukiwa mtu wa teolojia tu, utaupita pia. Anayejua kwamba hekaluni ndiko mnyama alikochinjwa, na kwamba sehemu ya nyama hiyo iliishia sokoni, ndiye atakayeelewa kwa nini imani mpya iligusa mifuko ya watu, na huenda ndiye atakayeanza kujiuliza ni akina nani hasa waliokwenda kuwashtaki.

Na kuna wanawake wawili katika barua ile. Watumwa. Pliny anasema waliitwa wahudumu, na aliwatesa ili wamwambie ukweli. Majina yao hakuyaandika. Anasema hakupata kwao lolote ila ushirikina uliopita kiasi. Mimi nimefundisha barua hiyo kwa miaka mingi na kila mwaka darasa linagawanyika hapo hapo. Wengine wanataka kujua walikuwa na cheo gani kanisani. Wengine wanataka kujua sheria ya Kirumi ilisemaje kuhusu ushahidi wa mtumwa. Maswali yote mawili ni halali, na hakuna mojawapo linalojibika bila lenzake.

Trajan alijibu kwa ufupi. Wasitafutwe. Wakishtakiwa na ikathibitika, waadhibiwe. Na mashtaka yasiyo na jina la mshitaki yasipokelewe, kwa kuwa hayafai zama zetu. Hapo mna somo zima la utawala, lenye uungwana na ukatili katika aya moja.

Haya, tuseme sasa habari ya ugumu, maana sitaki mtu aje kunilaumu baada ya muhula wa kwanza.

Lugha ni ngumu. Wengi wenu mtaanza Kilatini au Kigiriki kutoka sifuri, na ndivyo ilivyo kwa wanafunzi wengi wa shahada hii popote walipo. Majina yanabadilika miisho kulingana na kazi yake katika sentensi, na vitenzi vya Kigiriki vina sura nyingi hadi mtu anatamani kulia. Ila niwaambie: anayeweza kusema "vitabu vyangu vile viwili vimepotea" bila hata kufikiri, hana sababu ya kuogopa upatanisho wa kisarufi wa Kilatini. Akili yenu imeshazoea lugha ambayo neno moja linayavuta mengine yote. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mbele, wao wanabadilisha nyuma.

Mkichoka, mkumbukeni Agostino wa Hippo. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo, akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kilatini. Katika Maungamo yake anasema wazi kwamba Kigiriki alikichukia shuleni. Alichapwa viboko. Alilia kwa ajili ya Dido, malkia wa kubuni ndani ya shairi la Virgil, na baadaye akajishangaa kwamba alimlilia Dido na hakujililia mwenyewe. Alipokuwa mwalimu Rumi, anatusimulia, wanafunzi walikuwa na mtindo wa kula njama na kuhamia kwa mwalimu mwingine siku ya kulipa ada ikikaribia. Wazazi mnacheka. Wanafunzi naona mmenyamaza.

Mkumbukeni pia Alice Kober. Huyu alikuwa Mmarekani, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki katika Brooklyn College. Mchana anafundisha, usiku anakaa na maandishi ambayo hakuna mtu duniani aliyeweza kuyasoma: vibao vya udongo kutoka Krete vilivyoandikwa kwa hati iliyopewa jina la Linear B. Hakuna aliyejua ni lugha gani. Hakuna aliyejua alama zinatamkwaje. Mkononi ana alama tu.

Alifanya nini? Alihesabu. Alama ipi inafuata ipi, ipi inapenda kukaa mwishoni, ipi haikai mwanzoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi ilikuwa haba, basi akakata kadi kutoka migongo ya kadi za salamu na matangazo ya kanisa, kadi baada ya kadi, akazipanga ndani ya maboksi matupu ya sigara. Mtu mwingine angekuja na nadharia kubwa siku ya kwanza, na wapo waliokuja nazo. Yeye alikataa kukisia. Kwa kuhesabu tu akaonyesha kwamba maneno ya lugha ile yanabadilika miisho, jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kilatini analijua kwa maumivu. Alifariki 1950, umri miaka 43, bila kuona jibu.

Jibu lilikuja 1952. Michael Ventris, msanifu majengo ambaye hakuwa na shahada yoyote ya Masomo ya Kale, alitangaza redioni kwamba lugha ya vibao vile ni Kigiriki, Kigiriki cha karne nyingi kabla ya mshairi Homer. Na vibao vinasema nini? Kondoo wangapi. Sufu kiasi gani. Mafuta yamepelekwa kwa nani. Ni daftari za ikulu, zilizosalimika kwa sababu ikulu iliungua na moto ukaukausha udongo ukawa mgumu.

Ni hesabu za ghala tu, utasema. La hasha. Katikati ya daftari hizo mna majina ya miungu, na katika vibao vya hati hiyohiyo kutoka Pylos, Ugiriki bara, vya takriban mwaka 1200 kabla ya Kristo, likaonekana jina la Dionysus, mungu wa mvinyo. Wataalamu wengi walikuwa wamekubaliana kwamba Dionysus ni mungu mgeni aliyechelewa kufika Ugiriki. Kwa nini? Kwa sababu Euripides, katika tamthilia iliyoonyeshwa yapata 405 kabla ya Kristo, anamleta kutoka Asia kama mgeni anayebisha hodi. Kumbe alikuwa ndani ya nyumba kwa karibu miaka 800. Basi tamthilia ile ikabidi isomwe upya. Swali si tena "mungu huyu alifika lini?" Swali ni kwa nini Wagiriki walihitaji kumwita mgeni mungu waliyekuwa naye siku zote. Hilo ni swali la Masomo ya Dini, na limezaliwa ndani ya boksi la sigara la mwalimu wa Kilatini.

Nageukia wazazi. Kuna swali ambalo hamliulizi hadharani, mnaniuliza kule nje mlangoni kwa sauti ya chini. Mwalimu, mtoto wangu akisoma dini zote hizi, atabaki na imani yake?

Nawajibu hadharani. Sisi hatufundishi mtu kuamini, na hatufundishi mtu kuacha kuamini. Mtihani wetu hauulizi mwanafunzi anasali wapi. Unauliza: waumini hawa wanasema nini, wanafanya nini, ushahidi ni upi, na umeusoma kwa haki? Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya Masomo ya Dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967, alisisitiza kwamba dini si mafundisho tu. Dini ina ibada, ina masimulizi, ina maadili, ina taasisi, ina yale mtu anayoyahisi moyoni, na ina vitu vya kushika kwa mkono. Na alianzia wapi Smart? Kwenye Masomo ya Kale, Oxford. Dini ya Buddha alikutana nayo akiwa askari huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, baada ya jeshi kumfundisha Kichina. Mwanajeshi mwenye Kilatini, Kigiriki na Kichina. Hebu fikirieni.

Mtasikia pia usemi wa Max Müller, msomi wa kulinganisha dini, wa mihadhara yake ya 1870, kwamba anayejua dini moja hajui hata moja. Utawekwa kwenye mhadhara wenu wa kwanza, sina shaka. Mimi siukubali wote. Bibi anayejua sala zake na akaziishi kwa miaka themanini anajua kitu ambacho Müller na vitabu vyake vyote hakukijua. Ila kama onyo kwa sisi wasomi, tuuache ukae.

Mfano ninaoupenda zaidi katika jambo hili ni Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki Baghdad mwaka 873. Hunayn alikuwa Mkristo. Wengi waliomlipa walikuwa Waislamu. Vitabu alivyovifasiri kwenda Kisiria na Kiarabu viliandikwa na Galen, tabibu Mgiriki aliyeabudu miungu ya kale. Watu wa imani tatu kwenye meza moja. Na kazi aliifanya vipi? Hakuridhika na nakala moja. Alikusanya nakala kadhaa za kitabu kilekile, akazilinganisha, akatengeneza matini iliyonyooka, ndipo akaanza kufasiri. Kuna kitabu kimoja cha Galen alichokitafuta Iraki ya kaskazini, Shamu yote, Palestina na Misri mpaka Alexandria. Mwenyewe anasema alichopata ni takriban nusu tu, tena imevurugika, huko Damascus. Hakuacha Ukristo wake kwa sababu ya Galen, na hakumgeuza Galen awe Mkristo. Alimwacha aseme alichosema. Wanangu, kama kuna adabu moja ya taaluma hii nataka mwondoke nayo, ni hiyo.

Kuna wengine, hasa vijana, mtaniambia: lakini haya si yetu. Haya ni mambo ya Wazungu.

Nani kasema? Agostino nimeshamtaja. Terence, mwandishi wa tamthilia za Kilatini, jina lake la mwisho ni Afer, Mwafrika. Apuleius alitoka Madauros, Algeria hiyohiyo. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, kinachoielezea pwani ya Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, mpaka soko la Rhapta, na kusema manahodha Waarabu waliotumwa huko walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Kisomeni polepole kipande hicho.

Na msikilizeni mtu huyu. William Sanders Scarborough alizaliwa 1852 huko Macon, Georgia. Mama yake alikuwa mtumwa, basi kisheria naye ni mtumwa, na sheria ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Alikuwa akiaga kama anayekwenda kucheza, kitabu amekificha. Miaka miwili kabla hajazaliwa alikuwa amefariki mwanasiasa mmoja mashuhuri, John C. Calhoun, ambaye kwa masimulizi ya mchungaji Mweusi Alexander Crummell aliwahi kusema kwamba angemkuta Mweusi anayejua sarufi ya Kigiriki, hapo angeamini kwamba Mweusi ni binadamu. Mwaka 1881 Scarborough akachapisha kitabu cha kufundishia. Cha nini? Cha Kigiriki. Hakuandika kijitabu cha kumjibu Calhoun. Aliandika kitabu cha kuwafundisha wengine sarufi ileile. Baadaye akawa rais wa Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio.

Limebaki la kazi, nalo nitalipita haraka, kwa sababu jibu lake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Hutakuta tangazo la ajira linalotafuta mtaalamu wa Homer, nje ya shule na vyuo. Nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Lakini Tony Hoare alihitimu Masomo ya Kale na falsafa Oxford mwaka 1956, na miaka michache baadaye akabuni Quicksort, njia ya kupanga data inayotumika kwenye kompyuta mpaka leo. Simleti hapa kuwaahidi kwamba mtakuwa yeye. Namleta kwa sababu mtu aliyezoea kuivunja sentensi ndefu ya Kilatini vipande vipande, akajua kipi kinategemea kipi, hashangai sana anapokutana na tatizo lingine lenye sura hiyo. Sheria, uandishi wa habari, uhariri, makumbusho na kumbukumbu za taifa, diplomasia, ualimu: kote huko wanataka mtu anayeweza kusoma waraka wa mtu mwingine bila kumwekea maneno mdomoni. Ushauri wangu wa vitendo ni kwamba ongezeni kitu pembeni. Takwimu, au programu za kompyuta, au Kijerumani na Kifaransa cha kusoma, ambavyo mtavihitaji kama mnataka kuendelea na shahada za juu.

Na kwa wiki hii ya kwanza, nawaomba mambo machache. Jifunzeni alfabeti ya Kigiriki kabla ya Jumatatu, inawezekana kabisa. Msamiati someni kidogo kila siku. Usiku mmoja wa kukesha kabla ya mtihani hausaidii lugha, nimeona waliojaribu. Mkisoma tafsiri, chukueni mbili, mtazame zinapogombana, maana hapo ndipo matini asilia ilipo ngumu. Na barua ya Pliny pamoja na jibu la Trajan zisomeni kabla ya semina ya Alhamisi. Ni fupi, hazimalizi hata nusu saa. Njooni na jibu la swali hili: kama Trajan alitaka Wakristo wasitafutwe, kwa nini wakiletwa waadhibiwe? Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, alimshambulia kwa hoja hiyohiyo yapata mwaka 197, kwa hiyo mtakuwa na mwenzenu.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha. Maswali tuyapokee sasa. Tuanze na mama pale nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja ajira.